Sikukuu inakaribia na darasa halikaliki: watoto wasome na waandike nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu, watoto 52. Sikukuu ikikaribia hawashikiki, kila mtu akili yake iko nyumbani. Nimezoea kuwapa picha wapake rangi na mafumbo ya kutafuta maneno, na wanatulia. Juzi mwalimu mkuu alipita darasani akaniuliza, "Hapa wamesoma nini?" Nikakosa jibu. Watoto wangu ni wa dini mbalimbali, na wawili kwao hawasherehekei sikukuu yoyote. Vitabu vya hadithi ni vichache, na mashine ya kutoa nakala hatuna. Niwape shughuli gani za kusoma na kuandika zinazohusu sikukuu lakini ziwe somo kweli? Na ile insha ya likizo wakirudi, niendelee nayo?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Swali la mwalimu mkuu wako ni zuri, na linafaa kuulizwa kabla ya kugawa karatasi yoyote yenye picha ya nyota au mwezi mwandamo. Mtoto aliyepaka rangi kipindi kizima ametulia kweli, ila hajasoma hata sentensi moja. Na yule anayesaka neno "shangwe" ndani ya kisanduku cha herufi anaweza kulizungushia duara bila kujua maana yake, kwa kuwa jicho lake linafuata umbo la herufi tu.

Mimi huipima shughuli ya sikukuu kwa maswali mawili. La kwanza: ukiifuta picha, je, yanabaki maneno ambayo mtoto ameyasoma au kuyaandika mwenyewe? La pili, ambalo kwangu ndilo zito: mbali na wewe mwenye kalamu nyekundu, ni nani mwingine atakayesoma alichoandika? Siku za kawaida tunamwambia mtoto ajifanye anamwandikia rafiki barua. Anajua fika kwamba rafiki huyo hayupo, na barua yake inafanana na hali hiyo. Wiki ya sikukuu hana haja ya kujifanya. Watu wanatumiana salamu, wanaalikana, wanasimuliana, wanatumbuizana. Wasomaji na wasikilizaji wapo tayari. Fursa hiyo ikitumika vizuri, ule msisimko unaokusumbua ndio utakaowafanya waandike.

Kwanza suala la dini

Nianzie hapa kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote.

Mwaka 1979 Margaret Steffensen, Chitra Joag-Dev na Richard Anderson walichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa kusoma angefaa kuufahamu. Waliwapa watu wazima wa Marekani na wa India barua mbili wasome. Moja ilisimulia harusi ya Kimarekani, nyingine harusi ya Kihindi. Kila upande ulisoma kwa kasi zaidi barua ya harusi ya kwao na kukumbuka mengi zaidi kutoka humo. Walipofika kwenye harusi ya wenzao, hawakusahau tu, bali pia walipotosha baadhi ya mambo, wakiyaelewa kwa desturi za kwao. Hao walikuwa watu wazima wanaojua kusoma vizuri sana.

Sasa fikiria darasa lako. Ukileta habari ya Krismasi, mtoto anayesomasoma kwa kusitasita lakini ameikulia sikukuu hiyo atashangaza watu, kwa sababu anajua kinachofuata kabla hajalifikia neno. Msomaji wako hodari ambaye kwao hakuna Krismasi atakwama kwenye mambo ambayo wewe unadhani yako wazi. Ukileta habari ya Idi, mambo yanageuka. Ukiwapima kwa habari ya sikukuu moja tu, sehemu ya alama utakazoandika itakuwa ya sikukuu wanayoijua, wala haitahusu kusoma.

Kwa hiyo igeuze tofauti hiyo iwe kazi ya somo. Mimi huiita "wenyeji na wageni". Wanaoisherehekea sikukuu inayokuja ni wenyeji, wasioisherehekea ni wageni. Kabla ya lolote, wageni wanaandika maswali, kila mmoja swali moja kwenye kipande cha karatasi: Mnaamka saa ngapi? Kwa nini mnavaa nguo mpya? Nani huwatembelea kwanza? Hapo hapo umefundisha maneno ya kuulizia na alama ya kuuliza, na mtoto anaiona kazi ya alama hiyo kwa sababu ana jambo analotaka kulijua. Wenyeji wanayasoma maswali kwa sauti na kuyajibu. Sikukuu nyingine ikija, viti vinabadilishwa. Usimteue mtoto awe msemaji wa dini yake, waache wajitolee wawili watatu kwa pamoja. Tena iwe wazi kwa wote, na kwa wazazi pia, kwamba darasani tunajifunza kuhusu sikukuu, hatufanyi ibada yake.

Wale wawili wasiosherehekea chochote, usiwatume maktaba wala usiwape kazi ya kuwapotezea muda. Katika zamu ya maswali ni wageni kama wengine. Linapokuja suala la kuandika, tunga kichwa kinachowaingiza wote: "Siku ninayoingojea". Mmoja ataandika Idi, mwingine Pasaka, mwingine siku ambayo shangazi yake hurudi kutoka safari. Stadi ya kuandika inayopimwa ni ile ile.

Zipo pia siku ambazo si za dini yoyote na zinahusu lugha yenyewe. Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama ni tarehe 21 Februari, na imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 2000. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Siku ya Kimataifa ya Kujua Kusoma na Kuandika ni tarehe 8 Septemba, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1967. Ziandike kwenye kalenda ya darasa zikiwa na uzito sawa na nyingine. Kila mtoto akileta salamu, methali au kitendawili kutoka lugha ya nyumbani kwake na kukieleza kwa Kiswahili, una somo zima bila gharama yoyote.

Habari inayotoka vinywani mwao

Umesema vitabu ni vichache. Basi darasa liandike kitabu chake, na wewe uwe mwandishi wao.

Wenyeji na wageni wakimaliza kuulizana, simama ubaoni uwaambie, "Nisimulieni, mimi ninaandika." Mtoto anasema sentensi, wewe unaiandika huku ukiitamka polepole, neno kwa neno. Mwingine anaongeza. Zikifika sentensi saba au nane, inatosha. Soma wewe kwanza huku kijiti kikifuata maneno, kisha msome pamoja, kisha safu kwa safu, kisha mtoto mmoja mmoja anayetaka. Nguvu ya njia hii ni kwamba hakuna neno lililo ubaoni ambalo hawajalisikia, wamelisema wao. Hata yule ambaye bado anahangaika na silabi atasoma sentensi aliyoitunga, na atataka kila mtu ajue kwamba ni yake. Kwa hiyo iandikie jina lake kando.

Hapa ndipo sarufi inapoingia yenyewe. Mtoto akisema "viatu mpya", usimkatize wala usimrekebishe kwa ukali. Itikia, "Eeh, viatu vipya," na uandike hivyo. Kesho yake chukua zile nomino zilizojitokeza na mzipange pamoja: nguo mpya, viatu vipya, gauni jipya, mkufu mpya. Halafu rangi: kitambaa chekundu, ua jekundu, maua mekundu, taa nyekundu. Ngeli zinawasumbua watoto wengi wa darasa la tatu, na sijaona kitu kinachozituliza vizuri kama mavazi na mapambo ya sikukuu, kwa sababu mtoto anazungumzia vitu anavyoviona akilini na anavyotamani kuvitaja. Angalia pia neno "sikukuu" lenyewe. Wengi huliandika kwa u moja mwishoni, nalo ni mlango mzuri wa kufundisha irabu zinazofuatana.

Mwishoni, nakili ile habari kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene na uitundike. Ukiikata vipande vya sentensi, kikundi kitazipanga upya, na huko nako ni kusoma. Mwaka ukiisha una karatasi kadhaa za kushona pamoja, na kitabu hicho kitasomwa kuliko vyote kwenye rafu yako.

Kadi, lakini ya kuandikwa

Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi aliyekuwa na barua za salamu nyingi kuliko muda wa kuzijibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha na maneno machache yatakayowatosha wote. Wasimulie watoto habari hiyo, wanaipenda. Kisha waambie kwamba darasani kwenu tutafanya kinyume chake: kadi ya kila mtu itakuwa na maneno ambayo hayawezi kutumwa kwa mtu mwingine.

Hilo ndilo sharti ninalolikazia. Ukimwacha mtoto, ataandika "Nakutakia sikukuu njema yenye furaha na amani", kisha atatumia dakika thelathini kuchora maua. Sentensi hiyo ameinakili tu mahali fulani. Mpe sehemu tatu: salamu inayomstahili anayeandikiwa, jambo moja ambalo ninyi wawili tu mnalijua, kisha dua au matakwa yanayotokana na jambo hilo. Kwa mfano:

"Shikamoo Bibi. Heri ya sikukuu. Nakumbuka uliponifundisha kufunga kamba za viatu, nikalia, ukanisubiri mpaka nikaweza. Mungu akupe afya, nikija uone ninavyofunga haraka."

Andika ubaoni mfano huo pamoja na ule wa "furaha na amani", uwaulize upi wangependa kuupokea na kwa nini. Jibu lao ni uhakiki wa maandishi, hata kama hawajui neno hilo. Kisha waandike rasimu kwenye daftari kwanza. Rasimu isomwe na mwenzake, ambaye kazi yake ni kuuliza swali moja tu: "Jambo lenu wawili liko wapi?" Baada ya hapo wewe unapita kuangalia herufi kubwa na nukta. Karatasi ya kadi inatolewa mwisho kabisa, na rangi zinakuja baada ya maneno. Sizichukii rangi. Mtoto aliyeandika kitu cha kweli hupamba kwa makini zaidi, na kupamba huko kunakuwa zawadi ya kumaliza.

Kwa wasiosherehekea, kadi ya shukrani inafuata sehemu zile zile tatu. Waandikie mlinzi wa shule, mpishi, mwalimu wa mwaka jana. Na kadi zote zifike kweli. Ikibidi mpange zamu ya kuzipeleka, fanyeni hivyo, maana mtoto aliyewahi kupokea jibu la alichoandika haandiki tena kwa namna ile ile.

Ngonjera, na kwa nini wairudie

Watoto wanahitaji kusoma maandishi yale yale mara nyingi ili ulimi uzoee. Jay Samuels aliandika kuhusu usomaji wa kurudia mwaka 1979: mtoto anasoma kifungu kifupi tena na tena mpaka akisome kwa wepesi, ndipo anaendelea na kingine. Ugumu ni kwamba mtoto hana sababu ya kurudia. Ukimwambia "soma tena", anaona ameadhibiwa. Ukimwambia "Ijumaa mnatumbuiza darasa la kwanza", atasoma njia nzima akienda nyumbani.

Lugha yetu ina ngonjera, na watoto huipenda kwa sababu ina ubishi ndani yake. Hii nimeitunga kwa ajili yako, itumie upendavyo. Haitaji dini yoyote:

*Sikukuu:*
Niingiapo mjini, wote pamoja hucheka,
Nguo mpya maungoni, milango ikafunguka,
Wa mbali huja nyumbani, salamu zikafurika,
Wewe siku ya kazini, nani atakukumbuka?

*Siku ya Kazi:*
Mwenzangu usijivune, kwangu ndiko umetoka,
Nguo hizo nizishone, ndipo upate sifika,
Mwaka wote nikazane, wewe uje kutukuka,
Tukae tusigombane, sote tunahitajika.

Iandike ubaoni, waiandike madaftarini. Kwa watoto 52, nusu wawe Sikukuu na nusu wawe Siku ya Kazi, kisha wagawanyike katika makundi ya wanne wanne, kila mtoto mshororo wake, na wawili wanaobaki kila upande wasome pamoja na wenzao. Walio dhaifu katika kusoma wape mishororo ya mwisho, kwa sababu wameshaisikia ikisomwa na wenzao na vina vinawaongoza. Siku ya kwanza eleza maneno "maungoni" na "kutukuka" na msome pamoja. Siku zinazofuata ni dakika kumi tu mwanzoni mwa kipindi: leo sauti, kesho vituo, keshokutwa hasira na majivuno. Usiwalazimishe kukariri. Wakishika karatasi mkononi siku ya kutumbuiza ni vizuri zaidi, maana lengo ni kusoma.

Baadaye waulize, "Sikukuu angejibu nini?" Waandike sentensi mbili za majibu. Wenye sikio la vina watajaribu vina, wengine wataandika kwa lugha ya kawaida, na zote ni kazi halali kwa umri huo.

Vitendawili vinafaa kwa njia hiyo hiyo, tena kwa dakika tano za mwisho wa kipindi ambapo darasa limeanza kuchemka. Kila mtoto anachagua kitu kimoja cha sikukuu na kukieleza bila kukitaja. "Huja mwembamba, hunenepa, kisha hukonda tena" ni mwezi. Anayesema "Kitendawili!" lazima awe amekiandika kwanza. Hapo ndipo lile fumbo lako la kutafuta maneno linapopata faida: weka vitendawili vyao viwe maelezo ya fumbo, na aliyejua jibu alijaze kwenye visanduku herufi kwa herufi.

Habari ya kweli ya kusoma

Sikukuu huletwa darasani kwa hadithi na nyimbo, na maandishi ya maarifa yanasahaulika. Ni hasara, kwa sababu kuna swali moja ambalo watoto wanajiuliza na wakubwa wengi hawajibu vizuri: kwa nini sikukuu nyingine zina tarehe moja na nyingine zinahama? Hiki hapa kifungu cha kuandika ubaoni:

"Krismasi huwa tarehe 25 Desemba kila mwaka. Idi haina tarehe moja. Kwa nini? Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi wa angani. Mwaka wake una siku 354 au 355. Mwaka wa kalenda ya ukutani una siku 365 au 366. Kwa hiyo Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Pasaka nayo huhama, lakini haiendi mbali. Katika makanisa mengi huwa Jumapili moja kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili."

Maswali yasiwe ya aina moja. Liwepo ambalo jibu lake limeandikwa wazi: mwaka wa kalenda ya Kiislamu una siku ngapi? Liwepo la kuunganisha sentensi mbili: ikiwa Idi mwaka huu ni tarehe 20 ya mwezi, mwakani itakuwa karibu na tarehe ngapi ya mwezi huo? Na liwepo la kueleza: kwa nini Pasaka haiwezi kuangukia Desemba? Mtoto anayejibu hilo la mwisho kwa kuonyesha kidole kwenye sentensi husika ameelewa alichosoma.

Bila shaka atatokea mmoja atakayeuliza kama Idi na Krismasi zinaweza kukaribiana. Zinaweza. Kwa kuwa Idi hurudi nyuma, huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Mwaka 2000 Idi al-Fitri ilisherehekewa mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, na kwa hesabu ya kalenda itakuwa hivyo tena mwaka 2033. Wape kazi ya kukokotoa watakuwa na umri gani mwaka huo. Na mwenye hamu zaidi mwambie kwamba Wakristo wengi wa Orthodoksi husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, kwa sababu kalenda ya zamani wanayoifuata iko nyuma kwa siku 13. Kifungu hiki kina faida nyingine kwako: hakuna mtoto anayeingia darasani akikijua tayari, hivyo wote wanaanzia mstari mmoja.

Kuna pia maelekezo, ambayo nayapitia kwa haraka. Mtoto anaandika hatua za kutengeneza pambo la karatasi au kukunja kadi: kunja, geuza, kata, bandika. Mwenzake anasoma na kutenda kile tu kilichoandikwa. Ikiwa hatua imerukwa, karatasi itaharibika na mwandishi atairekebisha sentensi yake bila kuambiwa na mtu. Shughuli hii huleta kelele, ipange siku ambayo darasa la jirani limetoka nje.

Insha ya likizo

Endelea nayo, ila ibadilishe. "Jinsi nilivyoitumia likizo yangu" tuliiandika sisi, nanyi mliiandika, na matokeo yake tunayajua: niliamka alfajiri na mapema, nikapiga mswaki, nikaoga, nikanywa chai, tukaenda, tukala, tukarudi, nikalala. Mtoto amepewa wiki nzima aisimulie katika ukurasa mmoja, basi anaikimbiza. Halafu kuna jambo la huruma. Wapo ambao likizo yao haikuwa na safari wala nguo mpya, na wapo waliofiwa au waliougua. Kichwa kile kinawalazimisha kutunga uongo au kutangaza unyonge wao. Kwa sababu hiyo hiyo, naomba usiulize mbele ya darasa nani alipata zawadi gani.

Waombe dakika kumi tu za likizo. Dakika kumi zozote ambazo wakifumba macho wanaziona: kusubiri zamu ya kusukwa, mvua iliyowakuta njiani, mdogo wake alivyoficha kiatu. Kabla ya kuandika, kila mtoto anamsimulia jirani yake, na jirani anauliza maswali mawili: "Ulisikia nini?" na "Mtu alisema nini?" Majibu yake yanaingia kwenye insha, na hapo unapata nafasi ya kufundisha alama za kunukuu kwa maneno ambayo kweli yalisemwa. Kurasa zitapungua urefu na zitasomeka. Mimi ningependa kusoma sentensi kumi kuhusu kiatu kilichofichwa kuliko ukurasa mzima wa "tulifurahi sana".

Na kabla hawajaondoka, wape kazi moja ya kwenda nayo: mahojiano na mtu mzima mmoja wa nyumbani. Maswali matatu wanayoyaandika wao wenyewe darasani, kama "Ulipokuwa na umri wangu, siku kubwa kwenu ilikuwaje?" Kazi hii haihitaji kitabu wala dini fulani, na hata mzazi asiyejua kusoma anashiriki kikamilifu, kwa sababu anachotakiwa ni kusimulia. Mtoto anaandika majibu kwa ufupi, akirudi anayasoma mbele ya kikundi chake. Kazi nyingine za likizo, yale madaftari ya kuandika kila siku, sizipendekezi kwa umri huu. Hujazwa usiku mmoja kabla ya shule kufunguliwa, mara nyingi kwa mkono wa dada mkubwa.

Kuhusu wiki yenyewe na mwalimu mkuu

Usijaribu haya yote kwa sikukuu moja. Kwa inayokuja, ningechukua maswali ya wageni na habari ya ubaoni Jumatatu, rasimu za kadi Jumanne na Jumatano, kifungu cha kalenda Alhamisi, na ngonjera dakika kumi kila siku mpaka Ijumaa ya kutumbuiza. Kadi zianze mapema hata wiki mbili kabla ikiwa zinasafiri mbali. Ratiba ya kawaida ya vipindi isivunjwe. Watoto hupagawa zaidi wanapoona shule yenyewe imeacha kufuata saa zake.

Kwenye andalio la somo, kila shughuli iandikie stadi moja tu utakayoiangalia: alama ya kuuliza kwenye maswali ya wageni, upatanisho wa sifa kwenye habari ya ubaoni, herufi kubwa na nukta kwenye kadi, kuonyesha ushahidi kwenye kifungu cha kalenda, vituo na sauti kwenye ngonjera. Ukitaka kupima zote kwa kila kazi, kwa watoto 52 utasahihisha mpaka sikukuu ipite. Chukua rasimu za kadi za watoto sita: wawili hodari, wawili wa kati, wawili wanaohangaika. Zihifadhi pamoja na kadi zao za mwisho kwa kunakili maneno kwa mkono kabla hazijatumwa. Mwalimu mkuu akirudi na swali lake, mwekee rasimu na nakala mezani, na umwalike Ijumaa asikilize ngonjera akiwa amekaa na darasa la kwanza.